Kasuku wa Pili

Karani wa ofisi ya vitambulisho aliitazama fomu, akamtazama mwenye fomu, kisha akairudia fomu. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, na foleni nyuma ya Abby ilikuwa imefika mlangoni. Abby aliyajua macho yale. Alikwisha kuyaona benki, hospitalini, kanisani, na hata kando ya kaburi la baba yake, ambako watu walitoa simu kumpiga picha wakinong'onezana kwamba analia vile vile kama kwa TV.

"Abigail Wangui," karani akasoma. "Wacha. Si wewe ni Kasuku?"

Abby akamwambia jina lake ndilo hilo lililoandikwa, kitambulisho cha zamani kilipotea mwezi wa pili, na karatasi ya polisi hiyo hapo nyuma. Karani hakusikia hata neno. Alikuwa ameshageuza kiti na kuwaita wenzake. Wakaja watatu, mmoja akiwa na kikombe cha chai mkononi, wakamkagua kama ng'ombe aliyeletwa mnadani. Mmoja alisema amenenepa. Mwingine alisema kwa TV alikuwa mweupe kidogo. Wa tatu alisema alikuwa mtoto mrembo sana, sijui ni nini kilitokea, na akayasema hayo palepale mbele yake, kana kwamba Abby alikuwa bado ndani ya kioo na hasikii.

"Sema ile kitu yako," karani akamwambia, "halafu nakugongea stampu saa hii."

Haya, fikiria. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, amekuja kuomba haki ya kila mwananchi, anaambiwa acheze kwanza. Abby aliangalia foleni. Jumamosi ilikuwa ruracio yake, siku ambayo wakwe wangeleta mahari, na hakutaka kuianza siku hiyo bila hata karatasi ya kuonyesha jina lake. Akainamisha shingo upande, akaweka kidole shavuni, akaitoa ile sauti nyembamba ambayo nchi nzima iliisikia kila Jumapili jioni kwa miaka sita.

"Niseme, nisiseme?"

"Sema!" foleni nzima ikajibu, wazee kwa vijana, na karani akacheka hadi akajifuta machozi. Stampu ikagongwa. Abby alitoka nje akiwa na karatasi yake, akatembea hadi stendi bila kumtazama mtu.

*

Kwa wasiomkumbuka: Kasuku alikuwa mtoto katika kipindi cha vichekesho kilichoitwa Kwa Babu, mtoto asiyeficha siri ya mtu mzima. Nani ameficha nyama, nani amemdanganya pasta, yeye husimama katikati ya sebule na kuuliza kama aseme au asiseme. Abby aliingia katika nguo za Kasuku akiwa na miaka sita. Akiwa na kumi na miwili, Jumatatu moja, aliambiwa asirudi. Kwenye kipindi wakasema Kasuku amepelekwa kusoma ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ilikuwa Free Area, Nakuru, katika nyumba ya mama yake, ambako kwa miaka kumi na minne sasa watu walikuwa wakimwuliza amerudi lini.

Jamleck hakuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa daktari wa ng'ombe huko Njoro, mtu wa buti za mpira na maneno machache, aliyekulia katika boma ambalo televisheni ilitumia betri ya gari na baba yake aliiwasha wakati wa habari tu. Alimjua Abby kama msichana wa duka la dawa za mifugo anayekumbuka bei ya dawa ya kupe bila kufungua kitabu. Alimwita Abigail, jina zima, bila kulikata. Abby alipokubali posa aliweka sharti moja tu: siku ya ruracio pasiwe na kamera ya kipindi wala mtu wa kipindi, na aitwe jina lake. Jamleck alishangaa kwamba jambo kama hilo linahitaji kuwekewa sharti. Mama yake Abby naye aliitikia haraka mno, na hapo ndipo Abby alipaswa kushtuka.

Alhamisi mchana lori lilisimama langoni na kuanza kushusha mahema matatu meupe na viti mia moja vilivyovishwa vitambaa na utepe. Abby alisimama mlangoni akihesabu kichwani. Mama yake aliuza chakula katika kibanda kando ya barabara ya Nairobi, kibanda kilichoandikwa KWA MAMA KASUKU, chenye picha ya Abby wa miaka saba, bila meno ya mbele, iliyofifia kwa jua. Mtaa mzima ulimwita Mama Kasuku, na yeye aliitikia jina hilo kwa furaha kuliko alivyoitikia la kwake. Kibanda kile hakingeweza kulipia viti vya utepe.

"Hema ni za nani, Mama?"

"Ni za kukodi."

"Na nani amekodi?"

Mama alijishughulisha na kuelekeza vijana pa kuchimbia mashimo. Mwisho akasema, bila kugeuka, kwamba Dairekta alisikia habari akafurahi sana, akasema mtoto wake hawezi kuolewa chini ya turubai. Dairekta alikuwa na jina lakini nyumba hii haikuwahi kulitumia. Ndiye aliyekuwa mwenye kipindi. Alikuwa akimwita Abby mtoto wake tangu siku ya kwanza, na alipoacha kumhitaji hakuwahi hata kupiga simu.

"Tulisema hakuna kamera."

"Ni kamera ndogo tu ya kumbukumbu. Kwani watu hawarekodiwi siku ya ruracio? Dunia nzima inarekodiwa, ni wewe tu utakatazwa?"

Abby alisema atapiga simu na kuahirisha kila kitu. Mama akamtazama kwa huruma, akamwuliza kama atawaambia watu wa Njoro wamefukuzwa na hema. Mbuzi walikuwa wameshanunuliwa. Shangazi wawili walikuwa tayari njiani kutoka Kinangop. Abby akaumeza mwiba, akajiambia kamera moja haiui mtu, siku itapita, na Jumapili atakuwa mtu mwingine.

*

Ijumaa asubuhi aliketi mezani na Njoki, binti wa kaka yake. Njoki alikuwa na miaka saba. Mama yake alikuwa akifanya kazi za nyumbani Doha, baba yake Micah alikuwa akiziba pancha za malori Mai Mahiu na kuja nyumbani wikendi, kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi yake, Shosho kama alivyomwita. Abby alishika chupa ya chai kumwongezea. Njoki akafunika kikombe kwa kiganja. Ndani mlikuwa na chai nyeusi, strungi tupu.

"Mimi sikunywangi maziwa siku hizi, Anti. Shosho alisema inarefusha."

Abby aliiweka chupa chini polepole.

Kwa miaka sita hakuonja maziwa. Mama alikuwa amesikia mahali kwamba maziwa ndiyo yanayovuta mifupa, na Kasuku hakutakiwa kuvutika. Kila Jumatatu Dairekta alimsimamisha kwenye fremu ya mlango na kumpima kwa futi ya fundi, na kila palipoongezeka hata nusu kidole watu wazima wawili waliangaliana juu ya kichwa chake kana kwamba mtoto ameiba. Meno ya mbele yalipoota, Dairekta alinuna siku mbili. Alipofika miaka kumi na miwili mwili ukakataa mchezo, ukarefuka wenyewe bila ruhusa ya mtu, na mpaka leo Abby hakuwa amejua kuuonea mwili ule huruma. Maziwa hakuyaweza tena. Harufu yake tu ilimchafua roho. Na sasa alikuwa akienda kuolewa katika boma linalokamua ng'ombe kumi na mmoja, ambako mama mkwe alishaamini msichana huyu ana vidonda vya tumbo.

"Shosho alisema hivyo lini?" akauliza, na sauti yake ikatoka tulivu. Hicho ndicho kitu kimoja walichomfundisha vizuri.

Njoki alitazama mlangoni, akainama mbele. Alisema ni siri hadi kesho. Kipindi kinarudi. Walikuwa wasichana wengi, lakini Dairekta alimpima akasema yeye ndiye. Kesho Anti akishatambuliwa kati ya wasichana waliofunikwa, ataitwa mbele, atamvika yeye leso yake mabegani watu wakiona, halafu Baba atasaini karatasi kwa meza ile yenye maua.

"Mimi ndio Kasuku wa pili," Njoki akasema, na uso wake ukang'aa kwa fahari hadi Abby akashindwa kuutazama.

Mama alikuwa uani na wanawake wa jirani, wakimenya viazi vya kupondea mukimo. Abby alimwomba waongee kidogo. Walisimama nyuma ya tangi la maji, na Mama alijua ni kuhusu nini kabla hajaambiwa, kwa kuwa alianza kujibu kwanza.

"Unalala kwa nyumba hii. Nani aliijenga?"

"Mimi," Abby akasema. "Nikiwa na miaka minane."

Mama alipepesa macho. Kisha akaanza upya, taratibu, kama anayemwelewesha mgonjwa. Kwamba dunia imebadilika, siku hizi kuna mikataba. Kwamba mtoto mwenyewe anapenda. Kwamba Abby mwenyewe ndiye aliyeharibu bahati yake kwa kununa, wenzake wa kipindi wako redioni na kwenye matangazo ya sabuni. Na kwamba Njoki ni Njoki. Mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yake, na katika desturi yao mtoto wa jina lako ni wewe.

"Huyu ni mimi," Mama akasema akijigusa kifua. "Mtu anaweza kujifanyia ubaya mwenyewe?"

Ubaya wa jambo lile ni kwamba alikuwa akiamini anachosema. Angekuwa mwongo Abby angejua pa kumshika. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesimama nyuma ya kamera miaka sita akifurahi kwa niaba ya mtoto, akachoka kwa niaba yake, akapigiwa makofi kwa niaba yake, na lilipofika suala la maumivu hakukumbuka kuyachukua hata kidogo. Abby alimwambia hivyo. Mama alisema hayo ni maneno ya watu waliosoma saikolojia, akarudi kwa viazi.

Micah alifika saa tisa, mikono bado ina weusi wa mpira. Abby alimngoja langoni, akamwuliza kama ni kweli atasaini. Kaka yake hakumkazia macho. Alisema Mama ndiye aliyepanga, yeye aliambiwa tu aje na kalamu.

"Si wewe ulitoka sawa?" akasema.

"Umewahi niuliza?"

Micah alisugua kiganja kwa kiganja, weusi usitoke. "Abby, mimi nilisomeshwa na Kasuku. Form one hadi form four. Nitasemaje hiyo kitu ni mbaya?"

"Na ulisoma ukafika wapi?"

Alijutia neno hilo kabla halijamaliza kutoka. Lori lilipita barabarani, na Micah alilifuata kwa macho, magurudumu yake, kwa mazoea ya kazi.

"Nilifika Mai Mahiu," akasema. "Ndio maana nataka wangu apite hapo."

Jioni ile Abby alimpigia Jamleck na kumweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza, kuanzia futi ya fundi hadi kidonda cha tumbo ambacho hakikuwepo. Jamleck alisikiliza bila kukatiza. Mwisho alimwuliza atafanya nini, na Abby akasema hajui. Jamleck akamwambia yeye yuko, chochote atakachoamua. Ila akamkumbusha kwamba baba yake ni mtu wa zamani, na kitu anachokichukia kuliko ukame ni aibu ya mbele za watu.

*

Watu wa Njoro walifika Jumamosi saa tano, wanawake wakiimba langoni na wanaume nyuma yao wakishusha makreti ya soda. Waliimbishwa, wakatozwa faini za utani, wakafunguliwa. Wazee wa pande mbili waliingia ndani kuzungumzia mahari na kutoka wakicheka, dalili kwamba mambo yamekaa vizuri. Chini ya hema la katikati palikuwa na meza ya maua, na juu yake karatasi zilizopangwa sawasawa na kalamu ya dhahabu. Kamera zilikuwa mbili, na wala hazikuwa ndogo.

Wasichana watano wakatolewa wakiwa wamefunikwa leso kuanzia kichwani, mvulana amtambue wake, akikosea alipe mbuzi. Abby alikuwa wa tatu. Chini ya leso aliona viatu vya watu tu, na akaisikia sauti ya Dairekta ikimwelekeza mpiga picha karibu kabisa na sikio lake. Akitoka, nataka macho. Nataka machozi, kama yatatoka. Miaka kumi na minne, na mtu yule alikuwa bado anaagiza machozi yake kama anayeagiza chai.

Jamleck hakusita. Alisimama mbele ya wa tatu, akainua leso. "Abigail," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Abby alitaka siku iishie hapo hapo.

Lakini emsii alishika maikrofoni, akatangaza kwamba kuna mgeni mdogo. Njoki akatoka nyumbani amevaa gauni la njano lenye kola nyeupe na soksi za magotini. Lilikuwa gauni lenyewe. Mama alilitunza miaka yote ile ndani ya mfuko wa nailoni. Mtoto alitembea hadi katikati, akawaacha watu wanyamaze, akawaacha zaidi kidogo, kisha akainamisha shingo.

"Niseme, nisiseme?"

"Sema!" wakaunguruma watu mia, na hata akina mama wa Njoro wakacheka. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kuliko Abby alivyowahi kuwa, na jambo hilo lilimtia Abby hofu kuliko yote. Dairekta alimwashiria Micah asogee mezani.

Ni mzee Gathogo aliyezuia. Alikuwa ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Abby na msemaji wa ukoo, na hakupenda programu iliyochapishwa na watu wa televisheni. Alisema mambo ya karatasi yatangoja, desturi kwanza. Akamimina muratina, pombe ya jadi, kwenye pembe, akamwita Abby asimame, akamwuliza kile ambacho kila msichana huulizwa siku hiyo.

"Mwana wa ndugu yangu, watu hawa wametoka Njoro. Unawajua? Tunywe?"

Msichana huinamisha uso, husema ndiyo, watu hushangilia. Bila neno hilo hakuna anayeonja kitu, wala pombe, wala mbuzi, wala hata soda. Hakuna aliyewahi kujiandaa kwa jibu lingine.

"Hapana," Abby akasema. "Msinywe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akafuata, na kabla ya muda hema zima lilikuwa linacheka, kwa sababu Kasuku ni Kasuku, hawezi kukosa vituko. Dairekta alimsukuma mpiga picha asogee karibu. Mzee Gathogo aliuliza tena, akitabasamu kidogo sasa, na Abby akasema hapana, na kicheko kikaongezeka. Mama alipaza sauti kutoka meza ya akina mama: "Kasuku, wacha mchezo, watu wako na njaa."

Alikuwa akisema kitu cha kweli kuliko vyote alivyowahi kusema, na watu walikuwa wakimpigia makofi. Abby alihisi ule uso wa zamani ukitaka kuja wenyewe, shingo ikitaka kulala upande. Akaushikilia. Akampa mgongo mpiga picha, akatembea hadi alipoketi mzee Wanyoike, baba yake Jamleck, akapiga magoti mbele yake.

"Mzee, mimi sijakataa nyinyi. Nawapenda, na kijana wako nampenda. Nimekataa mkunywe kwa hii boma leo. Hiyo karatasi kwa meza ni ya huyu mtoto. Kaka yangu akisaini, mimi siwezi sema mkunywe. Hata mkirudi na ng'ombe mia."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Mzee Wanyoike alimtazama mwanawe. Jamleck aliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Mzee alisema yeye hajaelewa, mtoto anafanywa nini? Watu watatu walianza kueleza mara moja, Dairekta akitaja nafasi, kipaji na mashabiki. Mzee aliinua mkono wanyamaze, akamngoja Abby.

Abby alitafuta neno. Namna ya kumweleza mtu wa boma umaarufu, namna watu wanavyokula mtoto hadi akikua hana tena mtu wa kuwa. Hakulipata. Akasema dogo.

"Wanamnyima maziwa, asikue."

"Wanamnyima nini?"

"Maziwa. Mimi pia walininyima. Ndio maana nikija kwenu sikunywi. Si tumbo."

Mzee Wanyoike aliweka fimbo yake kwenye magoti. Alimgeukia Mama Kasuku, akamwuliza kwa heshima kama hayo ni kweli. Mama alisema ni ya kazi tu, Baba Jamleck, ni kwa muda.

"Mimi hata ndama dume, yule najua nitauzia bucha," Mzee Wanyoike akasema, bila ukali, kama anayetoa maelezo, "namwachia titi moja anyonye."

Mama aliinamia sahani iliyokuwa tupu. Na Micah, ambaye alikuwa amesimama kando ya meza na kalamu ya dhahabu mkononi, aliitazama ile kalamu, kisha akamtazama binti yake na soksi zake za magotini. Aliirudisha kalamu mezani kwa uangalifu, kwa sababu haikuwa yake.

"Sisaini," akasema.

Dairekta alicheka, akamshika bega, akamwambia watoke kando waelewane kama wanaume. Micah aliutoa ule mkono begani. "Boss, nimesema sisaini. Huyo ni mtoto wangu. Na yule pale ni dada yangu, anaitwa Abby."

Mzee Gathogo alingoja hadi kila mtu ameketi. Pembe ilikuwa bado mkononi mwake, na mkono ulikuwa umeanza kuchoka. Akamwuliza Abby mara ya tatu.

"Kunyweni," Abby akasema.

*

Dairekta aliondoka na kamera zake, na kabla ya nusu saa vijana wake walikuja kung'oa mahema. Hawakungoja watu wamalize kula. Waling'oa vigingi wageni wakiwa bado chini ya mahema, wakavuta viti vya utepe kutoka chini ya wazee, na bibi mmoja wa Njoro alibaki ameshika sahani ya mukimo katikati ya uwanja, jua la saa nane likimpiga utosini. Hiyo ndiyo zawadi ya mtu aliyemwita Abby mtoto wake. Wageni walihamia kwenye kivuli cha ukuta na chini ya nguo zilizoanikwa kwa jirani, wakakalia makreti. Jamleck na Micah walishika sufuria, huku na huku, wakagawa nyama. Mama alipakua chakula bila kumwangalia mtu. Abby alipopita karibu naye, alisema kwa sauti ya chini kwamba hatamsamehe, na Abby akasema sawa.

Alimpata Njoki nyuma ya tangi la maji. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, gauni la njano limepata vumbi, na hakugeuza uso. Abby akachuchumaa kando yake. Alikuwa amemwokoa mtoto huyu, hilo alikuwa na hakika nalo, na bado alijiona kama mwizi aliyeshikwa.

"Niliweza," Njoki akasema. "Walipiga makofi wote. Hata wale wa Njoro."

"Najua. Nilikuona."

"Niliambia wasichana wote wa darasa letu. Niliambia mwalimu."

Abby alimwambia wataelewa. Njoki alikwangua vumbi kwa ncha ya kiatu, akafuta pua kwa kola nyeupe, kisha akainua macho, na hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa yanauliza tu, jinsi mtoto anavyouliza njia.

"Anti, sasa mimi nitakuwa nani?"

Abby alikuwa amesema hapana mara mbili mbele ya watu mia wanaomcheka, bila sauti kutetemeka. Sasa alimvuta tu mtoto kifuani. Njoki alikaa mgumu, mikono chini, akingoja ajibiwe.